Ufunguo Ukae Hulugho
Mhadhara kuhusu ulinzi wa mitandao ya ofisi na biashara unaosimamiwa kutoka mbali



Wazee wetu, akina mama, walimu, wauguzi, wafanyabiashara wa mifugo, na nyinyi vijana mliojaa kule nyuma, nimeombwa nizungumzie ulinzi wa mitandao ya kompyuta katika ofisi na biashara zetu. Nitaanza na barabara, maana kwetu habari ya mtandao huanzia hapo.

Mvua ikinyesha sawasawa, udongo mweusi hushika magurudumu na lori hulala njiani. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 ziliikata kaunti hii ya Garissa vipande vipande. Aprili 2024 Mto Tana ukavimba tena hadi abiria wakawa wanavushwa kwa mashua baina ya Garissa na Madogo, na mashua moja ikazama na roho za watu zikapotea. Juu ya mvua kuna usalama, na hilo sihitaji kuwasimulia nyinyi mnaoishi jirani na mpaka wa Somalia na msitu wa Boni. Januari 2020 pekee, mashambulizi ya Saretho na Kamuthe yaliua raia, walimu wakiwamo, na milingoti ya mawasiliano ikalengwa. Baadaye walimu wengi wasio wenyeji wakahamishwa kutoka kaunti za Kaskazini Mashariki, madarasa yakabaki na watoto wasio na wa kuwafundisha.

Mtaalamu wa faiawoli naye ana mke na watoto. Faiawoli ni kile kifaa kinachokaa kati ya kompyuta za ofisi na intaneti, kikikagua kinachoingia na kinachotoka. Mtaalamu huyo yuko Nairobi, au ukibahatika yuko Garissa mjini. Akiambiwa aje hapa Hulugho kubadilisha mpangilio wa kifaa kimoja, huuliza maswali yaleyale ya usalama aliyouliza mwalimu. Kwa hiyo haji. Kifaa hubaki na mpangilio wa siku kilipofungwa, na neno la siri lililotoka nalo kiwandani, mwaka baada ya mwaka.

Madhara ya kuachwa hivyo yanajulikana. Aprili 2018 kampuni ya MikroTik ya Latvia, ambayo ruta zake mtazikuta katika ofisi ndogo nyingi za Kenya, ilitoa marekebisho ya kufunga tundu lililomruhusu mtu wa nje kusoma maneno ya siri ya ruta. Marekebisho yalikuwa ya bure. Miezi kadhaa baadaye, ruta kwa mamia ya maelfu duniani zilikuwa bado hazijarekebishwa, na wahalifu walikuwa wameshazigeuza watumwa wao. Fortinet ya Marekani nayo ilitoa marekebisho ya tundu jingine Mei 2019. Septemba 2021 orodha ya maneno ya siri ya vifaa vyake vipatavyo 87,000 ikamwagwa hadharani, nyingi zikiwa zimechotwa kwenye vifaa ambavyo hakuna aliyejishughulisha kuvisasisha. Watu hawa hawakukosa kifaa. Walikosa mtu wa kukitazama.

Teknolojia ninayoizungumzia leo ilibuniwa kwa ajili ya pengo hilo. Kifaa chenyewe kinakaa hapa, chini ya kaunta au ukutani. Usimamizi wake unakaa kwenye seva za mtengenezaji zilizoko mbali, zile ambazo watu huziita wingu, na mwenye ruhusa huingia kwa kivinjari chochote, akiwa Nairobi, Minneapolis au hapa hapa Hulugho kwa simu yake, akabadilisha anachotaka. Walioifanya njia hii ivume ni Meraki, kampuni iliyoanzishwa 2006 na vijana waliotoka katika mradi wa mtandao usiotumia waya wa chuo cha MIT huko Marekani. Novemba 2012 Cisco ikatangaza kuinunua kwa dola bilioni 1.2. Leo karibu kila mtengenezaji ana kifaa cha namna hiyo, bei zikitofautiana mno.

Kwa watu wa kaunti hii wazo lenyewe si geni. Mwaka 2011, Umoja wa Mataifa ulipotangaza njaa kusini mwa Somalia tarehe 20 Julai, kambi za Dadaab zilipokea wimbi la wakimbizi hadi idadi ikapita 400,000. Mashirika ya misaada yaliyokuwa pale yalitegemea sana setilaiti za bei ghali na za kasi ndogo, kila shirika na yake. NetHope, ambao ni muungano wa mashirika ya misaada katika mambo ya teknolojia, pamoja na Inveneo na Cisco, na kwa msaada wa USAID, wakajenga mtandao wa pamoja wa kasi kwa ajili ya mashirika hayo. Kazi ilikuwa inaendelea wakati wafanyakazi wawili wa Médecins Sans Frontières walipotekwa nyara kambini, tarehe 13 Oktoba 2011. Baada ya siku hiyo, kwenda Dadaab kulihitaji msafara na askari. Tazameni maana yake kwa mtu wa mitandao: kila kazi inayoweza kufanywa bila kupanda gari ikawa na thamani ya usalama wa mtu. Miaka michache baadaye, 2015 na 2016, NetHope na Cisco walipowawekea intaneti wakimbizi waliofika Ugiriki na nchi za jirani, walitumia vifaa vya Meraki vinavyosimamiwa kutoka mbali. Kambi zilikuwa nyingi na mafundi wachache, na watu waliokuwa nchi nyingine kabisa waliweza kuona kambi ipi mtandao wake umezimika na ipi imejaa programu hatari.

Sasa niwaeleze kinavyofanya kazi, na hapa naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu anayeuza hatawaeleza.

Kifaa kinakuja ndani ya boksi, kikiwa hakijapangwa. Namba yake ya utambulisho imeshaandikwa kwenye akaunti yenu. Kinaweza kuja na basi, kikapokelewa na karani ambaye hajawahi kusikia neno faiawoli. Anachomeka waya mmoja kwenye modemu ya 4G au kwenye dishi la setilaiti la Starlink, wa pili kwenye swichi ya ofisi, halafu stima. Katika vifaa vidogo vya Meraki kuna taa moja tu ya kutazama. Huanza na rangi ya chungwa, kisha rangi hubadilika moja baada ya nyingine wakati kinatafuta njia ya kufika nyumbani kwake. Ikiwa nyeupe inayopepesa, kinajisasisha, na hapo usikiguse hata kama mkuu wa ofisi anapiga kelele. Nyeupe iliyotulia maana yake kimefika, kimejitambulisha, kimepokea mpangilio wake wote na kiko kazini. Karani amemaliza kwa muda wa kunywa kikombe cha shaah, na hakuna aliyesafiri.

Kuna jambo la kiufundi ambalo kwa Hulugho lina uzito kuliko mengine yote. Zamani, ili fundi wa Nairobi aingie kwenye kifaa cha ofisi iliyo mbali, ofisi hiyo ilihitaji anwani ya umma ya intaneti, anwani yake peke yake ambayo ulimwengu unaweza kuibishia hodi. Laini ya simu ya 4G kwa kawaida haina anwani hiyo, na Starlink ya kawaida haina pia. Wateja wengi hugawana anwani moja, na anayekuja kutoka nje hawezi kujua abishe mlango wa nani. Hivyo fundi alikuwa hawezi kuingia hata akitaka. Kifaa kinachosimamiwa kutoka mbali hakingoji kubishiwa hodi. Chenyewe ndicho kinachotoka, kinafungua njia iliyosimbwa hadi kwa mtengenezaji, na amri hurudi kupitia njia hiyohiyo. Hiyo ndiyo sababu kinafanya kazi nyuma ya laini yoyote, hata ile dhaifu.

Kuna hofu moja huulizwa kila ninapozungumza: je, mafaili yetu yote yanapita kwa hao wenye seva? Hapana. Kinachokwenda kwao ni habari za usimamizi, kiasi kidogo sana cha data: kifaa kiko hai, kompyuta fulani imetumia kiasi hiki, anwani fulani imezuiwa. Barua pepe ya mkuu wa shule na orodha ya wagonjwa hupita njia yake ya kawaida. Lakini msichukue hilo kama jibu la kufunga mjadala. Kujua nani alitembelea tovuti gani, saa ngapi, kwa kompyuta ipi, ni kujua mengi, na habari hizo zinahifadhiwa nje ya Kenya. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ina masharti kuhusu data za watu zinazopelekwa nje ya nchi, na mwenye ofisi ndiye anayewajibika. Muuzaji hatawajibika kwa niaba yako.

Na laini ikikatika? Hilo ndilo linalopaswa kuwa swali la kwanza la mnunuzi wa Hulugho. Kifaa kizuri kinaendelea na mpangilio wa mwisho kilioupokea. Printa inachapa, seva ya ndani inapatikana, kompyuta zilizotengwa zinabaki zimetengwa. Kinachokosekana ni uwezo wa kubadilisha mambo, pamoja na kumbukumbu za kipindi hicho, ambazo katika vifaa vingine hupotea. Lakini kuna vifaa vinavyotegemea seva za mbali hata kumruhusu mfanyakazi aingie kwenye Wi-Fi. Hivyo havitufai. Sisi milingoti yetu imeshawahi kulengwa kwa silaha, na stima yetu haitoki kwenye gridi ya taifa. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji achomoe waya wa intaneti mbele yako, usubiri nusu saa, uone kinachoendelea na kinachokufa.

Niwaoneshe faida kwa karibu. Chukueni kituo cha afya chenye kompyuta tano. Takwimu za wagonjwa huingizwa kwenye mfumo wa taifa wa habari za afya, ambao Kenya imeutumia kwa mtandao tangu 2011. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kuna pia usajili na madai ya SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii. Mtandao ukilala, mgonjwa anasubiri kwenye benchi. Kwenye Wi-Fi hiyohiyo kuna simu za wauguzi, simu za jamaa za wagonjwa na kamera mbili za getini. Bila kifaa kizuri, vyote hivyo vimo kwenye chumba kimoja. Simu ya kijana aliyepakua mchezo kutoka mahali pabaya inaweza kuifikia kompyuta ya dawa. Kifaa kinachojua kazi yake huugawa mtandao: kompyuta za kazi upande wake, wageni upande wao na kikomo cha kasi, kamera kwao peke yao. Halafu fundi wa Garissa anafungua ukurasa wake jioni na kuona kompyuta ya chumba cha maabara imeibishia hodi anwani moja ya nje mara maelfu tangu saa nane usiku, wakati hakuna mtu kazini. Anaitenga kwa kubofya mara moja. Kisha anapiga simu: "Dada, habari za jioni. Ile kompyuta ya maabara msiichomekee flashi wala msihamishe kitu. Ni mgonjwa. Nitaitazama kesho." Kompyuta nyingine nne zinaendelea. Kifaa hicho kimeufanya uzoefu wa fundi mmoja ufike vituo kumi.

Msidhani kuna mtu amekaa mahali akiiwinda Hulugho. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iliripoti vitisho zaidi ya bilioni 2.5 vilivyonaswa katika miezi mitatu ya kwanza ya 2025. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na mashine zinazopita anwani baada ya anwani zikijaribu kila mlango, na mashine haijui kama mlango ni wa benki ya Nairobi au wa shule ya bweni ya mpakani. Naivas, yenye maduka makubwa nchi nzima, ilikiri Aprili 2023 kuwa wahalifu wa kudai fidia waliingia kwenye mifumo yake. Kampuni hiyo ina idara ya kompyuta. Sisi tuna nani?

Lakini nisiwadanganye kuwa kifaa hiki ni dawa ya kila kitu. Julai 2023 eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ilipozamishwa na mafuriko ya maombi ya bandia kutoka kwa kundi lililojiita Anonymous Sudan, hakuna kifaa cha Hulugho ambacho kingesaidia, kwa sababu aliyelengwa hakuwa hapa. Na wizi unaowaumiza watu wetu zaidi unakuja kwa simu: mtu anayejifanya afisa wa M-Pesa, au anayebadilisha laini yako ya simu kwa jina lako. Faiawoli haisikii mazungumzo hayo. Mama mwenye duka na simu moja ya M-Pesa asiuziwe kifaa cha makumi ya maelfu ya shilingi. Yeye alinde PIN yake, asiwape wateja Wi-Fi ileile anayotumia kwa biashara, na simu yake aisasishe. Mwenye ghala, kompyuta nne na matawi Masalani na Garissa, huyo ndiye ninayemwambia anunue, kwa sababu vifaa vitatu vya namna hii huunganishwa kwa njia ya siri baina ya matawi bila fundi kupanda gari.

Sasa nafikia jambo lililonileta. Kifaa hiki kina mwenye ufunguo, na ufunguo ni akaunti. Anayemiliki akaunti anaweza kuzima mtandao wako, kufungua njia ya kuingia, kusoma kumbukumbu na kumfungia nje kila mtu mwingine, na hayo yote akiwa amekaa popote duniani. Nguvu ileile inayomwezesha fundi mwema kukusaidia bila kusafiri humwezesha mwingine kukudhuru bila kusafiri.

Kuna ofisi moja ninayoijua, na jina lake litabaki kwangu. Waliuziwa kifaa kizuri, wakalipa, risiti wanayo. Mfungaji aliifungua akaunti kwa barua pepe yake binafsi, akasema ni kurahisisha mambo. Baadaye wakakosana juu ya malipo ya matengenezo. Hakuwafanyia ubaya wowote, aliacha tu kupokea simu. Taa iliendelea kuwa nyeupe, mtandao ukaendelea. Lakini mfanyakazi mmoja aliachishwa kazi, na hakuna aliyeweza kumwondolea ruhusa ya kuingia kutoka nje. Neno la siri la Wi-Fi, ambalo sasa lilijulikana na soko zima, hakuna aliyeweza kulibadilisha. Ilibidi watafute risiti za zamani na kumwandikia mtengenezaji wakithibitisha kuwa namba za vifaa ni zao, barua baada ya barua. Nyinyi wafugaji mnalijua hili kuliko mimi: ukimlipia ngamia ukamwacha na chapa ya mwingine, siku ya ugomvi risiti yako itakuchosha sana kabla haijakusaidia.

Hatari nyingine iko juu zaidi, kwa mtengenezaji mwenyewe. Machi 2021 wadukuzi waliipata akaunti kuu ya Verkada, kampuni ya Marekani ya kamera zinazosimamiwa kutoka mbali, wakaweza kutazama kamera zipatazo 150,000 za wateja, zikiwamo za hospitali na magereza. Mmoja wa waanzilishi wake ndiye aliyekuwa pia mwanzilishi wa Meraki, kwa hiyo si watu wasioijua kazi. Agosti 2017 wahandisi wa Meraki wenyewe walikosea kanuni moja, wakafuta mafaili ambayo wateja walikuwa wameyapakia kwenye sehemu ya hifadhi yao. Kwa bahati mipangilio ya mitandao haikuguswa. Na Septemba 2025 SonicWall ilitangaza kuwa mtu ameingia kwenye hifadhi yake ya nakala za mipangilio ya faiawoli za wateja. Kwanza ikasema ni chini ya asilimia tano. Oktoba ikakiri kuwa ni wateja wote waliotumia huduma hiyo ya kuhifadhi nakala. Mpangilio wa faiawoli ni ramani ya nyumba yako pamoja na mahali milango ilipo.

Pamoja na hayo yote bado nasema tununue. Ofisi iliyo mbali, isiyo na fundi, inahatarishwa zaidi na kifaa kilichosahauliwa kuliko na kosa la mtengenezaji ambaye ana watu wa kulirekebisha usiku uleule. Huo ni uamuzi wangu baada ya kuyapima, na mwenye kupima tofauti ana haki yake. Nisichokubali ni kununua huku ufunguo ukiwa mfukoni mwa mwingine.

Akaunti ifunguliwe kwa barua pepe ya ofisi, isiwe ya mtu. Wenye mamlaka kamili wawe wawili, na angalau mmoja wao awe mtu wa hapa, mwenye kuishi hapa, hata kama hajui nusu ya yaliyomo kwenye ule ukurasa. Akijua kumwondoa mtu na kubadilisha neno la siri, inatosha kuanza; mengine atajifunza. Vijana wetu wanaorudi kutoka vyuoni na shahada za teknolojia wakikaa nyumbani, kazi hii ni yao, na naumia nikiona ofisi ya umma inamlipa mtu wa mbali kila mwezi kwa jambo ambalo msichana wa hapa angelifanya kwa simu yake. Muuzaji apewe ruhusa ndogo, yenye mwisho, na kila anachobadilisha kiandikwe kwa jina lake; vifaa hivi vina kumbukumbu ya nani alibadilisha nini, na ni aibu kuwa nayo bila kuifungua.

Weka pia uthibitisho wa hatua mbili, lakini usitegemee ujumbe mfupi wa simu. Mlingoti ukizimika, ujumbe haufiki, na huo ndio wakati utakapotaka kuingia kupitia dishi la setilaiti. Na aliyebadilisha laini yako atapokea yeye. Kuna programu za simu zinazotoa namba bila kuhitaji mtandao wowote, tumia hizo. Namba za akiba zichapishwe kwenye karatasi na kufungiwa kabatini pamoja na mihuri ya ofisi.

Shule na hospitali zikumbuke pia kuwa data za watu zikivuja, sheria inataka Kamishna wa Ulinzi wa Data aarifiwe ndani ya saa 72. Huwezi kuarifu usichokijua, na bila akaunti hutajua. Septemba 2023 shule moja, Roma School, ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Hapo hata mdukuzi hakuwapo.

La mwisho ni leseni, na hapa ofisi nyingi zimejikwaa. Vifaa hivi hununuliwa mara moja, lakini leseni hulipiwa kila mwaka, kila miaka mitatu au mitano. Ikiisha, watengenezaji hawafanani. Kwa Fortinet kifaa huendelea kupitisha mtandao, lakini hakipokei tena orodha mpya za vitisho. Kwa Meraki, chini ya mpango wao wa kawaida wa leseni, unapewa siku 30 za huruma na baada ya hapo kifaa huacha kupitisha kitu chochote. Hospitali nzima inazimika kwa sababu ya ankara. Muulizeni muuzaji swali hilo kwa maandishi.

Kisha tazameni tarehe. Mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai, na kila mtu aliyewahi kufanya kazi na kaunti anajua jinsi pesa za Hazina Kuu zinavyochelewa mwanzoni mwa mwaka. Leseni inayoisha Agosti itaisha kabla pesa hazijafika. Ombeni ianze kuhesabiwa ili iishe Februari au Machi, wakati bajeti iko hai. Muuzaji anayetaka biashara yenu atakubali. Shule ipange baada ya karo ya muhula wa kwanza. Na mfanyabiashara wa mifugo, ambaye pesa zake huja kabla ya Idi ya kuchinja, akumbuke kuwa Idi husogea nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka na leseni haisogei. Huyo anunue ya miaka mitatu kwa mpigo, pesa zikiwa mkononi.

Sasa nipokee maswali. Tuanze na akina mama.